Tembo Aliyelala Mlangoni

Bi Mwanakhamisi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nasoma darasa la saba hapa Mbeya, na nakuandikia hapo gazetini kwa sababu sina mtu wa kumwambia, na hata ningekuwa naye nisingemwambia, maana mimi ni mtu wa aibu sana, mwalimu akiniuliza swali ambalo jibu lake nalijua nasimama tu nakaa kimya mpaka anamgeukia mwingine. Kwa kalamu naweza. Na naandika kwa Kiswahili kwa sababu maneno haya nikiyasema kwa Kinyakyusa, lugha ya nyumbani, yatakuwa matusi kabla hayajafika mwisho, na kwa Kiingereza cha shule hayaumi kabisa, yanakuwa kama ya mtu mwingine. Naomba unijibu kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi huu wa tatu, na sababu yake utaiona.

Baba yangu ni fundi cherehani. Tumepanga vyumba viwili vyenye mlango mmoja tu, mlango unafungukia barazani, na barazani ndipo baba anaposhonea, cherehani yake iko nusu hatua kutoka kizingitini ili apate mwanga na wateja wamwone. Jiko na choo viko nje, pembeni mwa nyumba. Tulikaa hivyo miaka minne bila taabu, mpaka kaka yangu Asukile, ambaye yuko Igawa kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, alipomleta mke wake Andendekisye akae kwetu, kwa sababu mimba yake ya kwanza ilitoka na hii ya pili daktari alisema asikae mbali na hospitali. Sasa ni ya miezi saba.

Bi Mwanakhamisi, sijui kwenu Iringa mnafanyaje, lakini kwetu mke wa mwana hamwoni baba mkwe, wala baba mkwe hamwoni yeye. Tunaita ukutila. Wasionane uso, wasikae chumba kimoja, jina la baba mkwe asilitaje. Kule Rungwe jambo hili halina shida, kijana akioa anajenga na wenzake wa rika lake, mbali na baba zao, na njia ni nyingi, mke akisikia sauti ya mkwewe anakata kwenye migomba na mambo yamekwisha. Hapa mjini kwetu migomba hakuna, kuna mlango mmoja, na baba amekaa hapo.

Basi wifi anaamka kabla ya wote, anachota maji, anakwenda chooni, anarudi ndani kabla baba hajatoa kiti chake. Akiwahi, anafungiwa ndani mpaka baba aende kula kwa rafiki yake saa saba. Asipowahi, amefungiwa nje, anasimama nyuma ya nyumba amejifunika khanga kichwani, na mvua ya Mbeya mwezi huu haina adabu. Siku moja alisimama ukutani tangu saa mbili mpaka saa saba kasoro. Nilirudi kutoka shule nikamkuta anatetemeka, nikamwuliza kwa nini hukwenda kwa jirani, akasema, "Ningepitaje, wifi? Njia ya kwa jirani inapita mbele ya baba."

Sisemi baba ni mbaya. Baba hukohoa mara tatu kabla ya kuingia ndani, akasubiri, akakohoa tena, na siku nyingine namwona anakata uzi kwa meno kuliko kuingia kuchukua mkasi. Lakini hasogezi kile kiti. Na mama akiambiwa anasema, "Mimi nilimkimbia babu yenu miaka kumi na minne na sikufa."

Sasa nieleze habari ya shule. Mwalimu wetu wa Kiingereza ni Mwalimu Marta, bado kijana, hana hata mwaka hapa, na wako watu wanaomtafutia kosa kwa sababu hajaolewa na anajua mengi. Siku moja alituletea kitabu cha hadithi za watoto wa Ulaya, akasoma, kisha akauliza, "Kwa nini katika hadithi hizi mama mbaya daima ni wa kambo?" Akasema mtoto akimkasirikia mama yake mzazi huiogopa hasira yake mwenyewe, basi hadithi inamtafutia mama mwingine amkasirikie kwa amani. Akasema mnyama mkali wa hadithini si mnyama wa porini, mara nyingi ni kitu kilichomo nyumbani, watoto wanakijua na hakuna anayekitaja. Wenzangu walicheka, wakasema, "Kumbe fisi ni shangazi!" Mimi sikucheka. Nilikwenda nalo nyumbani kama mtu aliyeiba.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa namenya viazi pembeni mwa nyumba, mdogo wangu Anyitike wa miaka sita na watoto wa jirani wakanizunguka, akiwemo Kudra, binti wa mwenye nyumba, ana miaka saba na sauti ya mwadhini. Wakataka hadithi. Kwa watoto siogopi kusema, ni kwa wakubwa tu. Nikawaambia palikuwa na Njiwa aliyepanga nyumba kwa Tembo, na sharti la nyumba lilikuwa Tembo asimwone, akimwona tu manyoya yote ya Njiwa yatapukutika. Na Tembo alikuwa na desturi ya kulala mlangoni, akikoroma cheke-cheke-cheke, cheke-cheke-cheke. Njiwa akawa hatoki. Siku za kutaga zikafika na hana hata unyasi wa kiota. Akaimba apishwe, Tembo asisikie, maana sharti lilikuwa hata sauti yake asiisikie. Basi Njiwa akafumba macho akaruka, akapita juu ya uso wa Tembo, Tembo akafumbua macho akamwona waziwazi, na manyoya hayakupukutika hata moja. Kilichoanguka ni pembe za Tembo, ya kushoto, pu, ya kulia, pu.

Watoto waliniomba nirudie pembe mara tatu.

Naapa, Bi Mwanakhamisi, nilipokuwa nasimulia sikujua ninachosema. Ule mlio ulikuja wenyewe mdomoni. Nilijua Jumatano, pamoja na mtaa mzima.

Jumatano jioni mzee wa kanisa, Mzee Filemoni, alikuwa amesimama barazani anapimwa suruali, pini zimemjaa miguuni, na baba ameinama kwenye cherehani anarekebisha kiuno cha suruali yake nyingine. Watoto walikuwa wanacheza Tembo na Njiwa uani, wakahamia mbele. Anyitike kajilaza chini anakoroma cheke-cheke-cheke. Cherehani ya baba nayo cheke-cheke-cheke. Kudra akasimama, akasikiliza huku, akasikiliza kule, kisha akamnyooshea baba kidole.

"Babu! Kumbe Tembo ni wewe! Ondoka mlangoni, Njiwa anataka kutaga!"

Wanawake waliokuwa wanapita na ndoo walicheka mpaka wakatua ndoo. Mmoja akasema, "Mtoto wa watu kasema!" Mwingine akaita, "Fundi, mpishe ndege wa watu, siku zake zimekaribia!" Mzee Filemoni alitaka kugeuka, pini ikamchoma, akapiga kelele. Na baba akasimamisha cherehani kwa mkono. Akachukua rula yake ya mbao, akamchapa Anyitike mara mbili, naye Kudra akaja kukokotwa na mama yake akilia, "Mimi nimekosa nini? Si hadithi ya dada!"

Baba akaniita. "Gwe binti. Tembo huyo umemtoa wapi?"

Nikatazama chini. Nikasema, "Kitabuni, Tata. Kitabu cha shule."

Ndivyo nilivyosema. Hiyo ndiyo dhambi yangu na ndiyo sababu ya barua hii. Mzee Filemoni, suruali bado ina pini, akasema, "Nilijua. Nilijua yule mwalimu anawafundisha watoto kutukana wazazi kwa mafumbo." Baba akasema Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada, mwalimu aitwe nyumbani kwetu na kitabu chake, mbele ya wazee. Kama Tembo yumo, Mzee Filemoni atampeleka mwalimu kwa wakubwa wa shule aondolewe. Kama hayumo, basi mimi ndiye niliyemtukana baba yangu mbele ya watu, na shule kwangu imekwisha, nitarudishwa Rungwe kwa bibi nikalime.

Mama ananiambia, "Sema mwalimu aliwasimulia kwa mdomo, hakuna kitabu, basi. Yeye ni mtu wa kuja tu, ataondoka hata hivyo." Na ni uongo mwepesi, maana wenzangu wote walimsikia akisema mnyama si mnyama.

Na wifi, ambaye nilidhani angalau yeye atafurahi, alinikasirikia kuliko wote. Alisema, "Nani alikutuma unisemee? Kutwa nzima najificha nisionekane, wewe umenitoa nje kwa mdomo, mtaa mzima sasa unanitazama tumbo. Hii heshima ni yangu, siyo yako." Kisha akageukia ukuta. Tangu siku hiyo haniiti.

Bi Mwanakhamisi, nasema mapema ili usipoteze wino: sitaomba radhi kwa ajili ya Tembo. Nimejaribu kujuta, nimepiga magoti nikaomba nijute, haiji. Nikimkumbuka wifi ukutani na mvua inamtiririka, natamani nisimulie tena na pembe zianguke tena. Lakini nikifika hapo kwenye pembe naogopa, maana kama maneno ya Mwalimu Marta ni kweli, basi mnyama yule ni baba, na aliyemwangusha pembe ni mimi, na nilifurahi. Baba alinishonea sare hii ninayoivaa. Je, mimi namchukia baba yangu na sijijui? Na nifanye nini siku hiyo, niseme kweli shule iishe, au ninyamaze kama nilivyozoea, aondoke mwalimu?

Usitaje jina langu, na haya mengine yote nimeyabadilisha.

Mwenye Tembo, Mbeya

*

Binti, marahaba.

Tuanze na hilo unaloliogopa, maana ukilibeba mpaka siku hiyo litakuziba mdomo. Humchukii baba yako. Ulikuwa na wanyama wote wa dunia mbele yako pale kwenye viazi. Ulikuwa na fisi, ulikuwa na nyoka, ulikuwa na chui. Ukachagua tembo, mnyama ambaye hata mfalme humpisha. Na ulipotafuta mlio wake, ukampa mlio wa kazi inayokuvisha. Mtoto anayemchukia baba yake hasikii cherehani ikiimba usingizini mwa tembo. Umemkasirikia, basi. Hasira si chuki, na tangu lini mtoto akakatazwa kumkasirikia anayempenda? Amekatazwa kuisema tu. Ndiyo maana hadithi zipo.

Mwalimu wako kasema kweli, na kweli hiyo si ya Ulaya peke yake. Mimi nimezaliwa hapa Iringa, kwa watu ambao babu zao walipanda kutoka pwani na bidhaa kichwani, na bibi yangu alikuwa akitusimulia zimwi linalokula watoto wanaofungua mlango mama akiwa sokoni. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipofahamu kwamba katika nyumba yetu palikuwa na mjomba fulani, na kwamba bibi hakuwa na njia nyingine ya kutuambia tusimfungulie. Alimpa mjomba mkia na meno, nasi tukafunga mlango. Hadithi ile ilitulinda kuliko kufuli. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie ni upuuzi wa watoto. Baba yako hakudhani ni upuuzi. Angedhani hivyo angeendelea kushona.

Sasa kaa vizuri nikukaripie.

Maneno yako umeyatia kinywani mwa watoto wa miaka sita na saba, na adhabu ikawa yao. Ulisema hukujua, nami nakuamini kwa Jumamosi. Lakini Jumatano ulikuwepo, ulijua, ukaona rula inapanda na kushuka, na ulinyamaza mpaka ulipoitwa. Anyitike anakudai neno. Kudra anakudai neno, na mama yake pia. Nenda leo.

Kisha wifi yako. Umeona mvua ikimnyeshea, ukamwonea huruma, na huruma hiyo ni nzuri, lakini hukumwuliza hata siku moja anataka nini. Ulimfanya ndege kwa idhini yako mwenyewe. Ana haki ya kukasirika. Hata hivyo, yeye naye akisoma gazeti hili nimwambie: mwanangu, heshima ni yako, lakini tumbo hilo si la heshima, ni la mtoto, na mimba moja imekwisha kwenda. Usisimame tena mvuani kwa ajili ya mtu yeyote.

Sitawafundisha Wanyakyusa kuheshimiana. Desturi yenu haina kosa kule ilikozaliwa, maana iliwekewa njia nyingi na migomba ya kujifichia. Mmeihamishia mjini mkaziacha njia kule kule, na mzigo wote uliobaki mkamtwika mtu mmoja, mwenye sauti ndogo kuliko wote nyumbani, tena mwenye mimba. Hapo ndipo kosa lilipo. Na umeniandikia mwenyewe kwamba baba yako anakata uzi kwa meno ili asimsumbue. Mtu huyo naye amebanwa pale kitini, hajui atokeje bila kuonekana kuwa amevunja mila mbele ya wazee. Hatakwambia. Wanaume wa namna yake hawasemi mpaka watafutiwe sababu.

Basi mtafutieni. Kalamu unayo: mwandikie Asukile leo hii, afike kabla ya Jumapili hiyo, hata kwa lori la mizigo. Yeye yuko Igawa analaza kokoto ili dunia nzima ipite, na mkewe hana pa kupita. Huyo ndiye wa kulisema jambo hili kwa baba yenu, si wewe wala watoto. Amwendee mwenye nyumba, ukuta wa nyuma utobolewe mlango, na mpaka utobolewe, cherehani ihamie upande wa pili wa baraza. Baba akiwa na mtoto wa kiume aliyemwomba, hakuvunja mila, amemsikiliza mwanawe. Mama yako akirudia ile miaka kumi na minne, mwulizeni kwa upole ni miaka mingapi kati ya hiyo alikuwa na mlango mmoja.

Na hilo la mwalimu. Mama yako anakutakia mema, lakini ushauri wake ni wa kumtupa mtu wa watu shimoni ili wewe uruke. Usifanye. Siku ya Ijumaa, ukitoka shule, mwambie Mwalimu Marta mwenyewe, asiyasikie barazani kwenu mbele ya watu. Jumamosi asubuhi nenda kwa baba yako kabla hajakanyaga cherehani, mpigie magoti kama mnavyowasalimu wazazi kwenu, na useme, "Tata, kitabu hakina tembo. Hadithi ni yangu. Nilikudanganya kwa woga, kwa hilo nisamehe." Omba radhi kwa uongo na kwa kilio cha watoto. Kwa Tembo usiombe. Akikuuliza kwa nini ulimtunga, mwambie ulimkuta wifi yako ukutani anatetemeka. Usiongeze neno, usilie, usitazame mchanga. Mwache yeye ndiye anyamaze safari hii.

Ukiisha kusema, hakuna atakayemwita mwalimu Jumapili, kwa kuwa hapatakuwa na kesi. Mzee Filemoni atabaki na suruali yake.

Huenda baba akakutoa shule kwa hasira. Sikufichi. Wazazi wengi huadhibu kweli kuliko uongo, maana kweli haina mahali pa kuigeuza. Ikiwa hivyo, usipande gari la Rungwe kimyakimya kama mzigo. Jumatatu vaa sare yako, nenda shuleni saa ile ile ya siku zote, uingie darasani, ukae mahali pako. Mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake unalijua, nyoosha mkono. Na yeyote atakayekuja kukushika bega akuulize umekuja kufanya nini, mwambie kwa sauti ambayo darasa zima litasikia: nimekuja kusoma.

Bi Mwanakhamisi